Mnamtafuta Nani?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na nina hakika makarani hawakukutana hata na mmoja aliyetoka kwake kwenda kuangalia jengo. Mtu wa Mbagala akionekana Posta, ana kesi, ana faili, ana mgonjwa, anafuata mzigo, anadai au anadaiwa. Ukimkuta jirani kituoni asubuhi ya Jumanne amevaa suruali iliyonyooshwa, humuulizi anakwenda kutembea wapi. Unamuuliza, "Kwema huko?" maana suruali iliyonyooshwa siku ya Jumanne ni mahakama au msiba.

Kuangalia mji tumewaachia Wazungu, na kusema kweli wanajitahidi. Wana kofia zenye kamba, wana chupa za maji za bati, na wakisimama katikati ya njia kukodolea macho mnara wa kanisa tunawapisha. Mweusi mwenzetu akisimama vile vile, hata dakika haiishi: "Kaka, unamtafuta nani?"

Yaliyotupata sisi yalianzia Berlin. Rafiki yetu mmoja wa Tegeta alipelekwa huko kwenye kozi ya kazi, akarudi na koti zito, chokoleti zilizokwisha kuyeyuka na jina jipya: tangu siku ile tunamwita Mjerumani. Mwisho wa wiki, anasema, wenzake wa kozi walikuwa wakimkokota kwa miguu kuuzunguka mji. Lango la Brandenburg, mabaki ya ukuta ulioanguka 1989, makanisa, madaraja, halafu makanisa mengine. Kuna basi la abiria, basi la kawaida tu, namba 100, linapita mbele ya vivutio vingi. Watu wanapanda, wanaangalia nje, wanashuka mwisho wa njia, wanarudi. Hawana mzigo, hawana mgonjwa. Hilo lilimshangaza kuliko ukuta.

Lakini kilichomtia homa ni mjusi. Mjusi mwenyewe mnamjua, angalau kwa sifa. Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909 hadi 1913, tani zaidi ya 200, wapagazi wakaibeba vichwani mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini ikaenda. Leo mmoja wao amesimamishwa ndani ya makumbusho ya Berlin, mita 13 na ushei kwenda juu, na watu wanakata tiketi kumwangalia. Mjerumani alitusimulia haya Mbagala, barazani kwa Da' Mkubwa, ambaye anauza vitenge na kwao ni Lindi.

"Kwa hiyo," Da' Mkubwa akasema, "umepanda ndege, umelipa kiingilio, kwenda kumwangalia mjusi wa kwetu?"

"Ndiyo, dada."

"Na hukumsalimia hata kwa Kimwera?"

Kule Berlin, baada ya mjusi, wenzake wa kozi wakampeleka eneo la Wedding, ambako kuna Sansibarstraße na Tangastraße, akapigwa picha chini ya kibao cha Tanga akiwa amejifunika mpaka puani. Ni hapo mwenzake mmoja, Mjerumani wa kuzaliwa, alipomuuliza: na Dar es Salaam kuna nini cha kuona? Maana babu zao waliufanya mji huo makao makuu ya koloni lao tangu 1891, na amesoma kwamba majengo mengi bado yapo. Rafiki yetu akawaza, akawaza tena, akajibu: "Mlimani City."

Anasema hakulala usiku ule.

Aliporudi akajaribu peke yake kwanza. Alikwenda Mtaa wa Samora, akasimama mbele ya Sanamu ya Askari, akainua uso. Mtu wa kwanza akasimama kando yake, naye akainua uso. Akaja wa pili. Muuza maji akatua ndoo. Walipokuwa kundi zima, mmoja akanong'ona, "Nani anataka kujirusha?" Mjerumani akaona ndiyo nafasi. Akawaeleza kwamba sanamu ile iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza, na kwamba kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani, ambayo Waingereza waliing'oa. Ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wa chuo kikuu wakaja kuiangusha miaka ya 1960. Watu wakasikiliza kwa makini sana. Alipomaliza, mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo na hii wanaibomoa lini?" Mwingine akataka kujua kama fidia itawahusu wenye meza za pembeni.

Basi akaamua twende wengi. Alidhani tatizo lilikuwa upweke wake.

Sasa Mtanzania hatoki nje bila kamati. Kundi likafunguliwa WhatsApp, na kabla hatujajua tunakwenda wapi tukawa na viongozi. Mjerumani mwenyekiti. Rafiki yetu wa Mwananyamala, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye sote tunamwita Mwalimu, mweka hazina, kwa kuwa ana daftari la kaunta. Fundi, anayetengeneza majokofu Tandika, akapewa usafiri ingawa hana hata baiskeli. Da' Mkubwa akajipa mavazi. Mimi nilibaki mjumbe, peke yangu, nikawa ndio wananchi. Bajeti ikapita: nauli, viingilio, maji, chakula, dharura. Fungu la dharura lilikuwa kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa pamoja, na aliyelipigania kwa nguvu zote ni Fundi.

Kuhusu mavazi, Da' Mkubwa hakutaka majadiliano. Kikundi kinachotoka pamoja kina sare. Na ikatokea, kwa bahati, kwamba dukani kwake lilikuwapo jora la kitenge, zambarau iliyoiva yenye maua meusi, ambalo lilikuwa halijapata mteja tangu mwaka uliotangulia. Wanaume tukashonewa mashati, yeye gauni na kilemba. Gharama ikakatwa kwenye dharura. Nilipojitazama kwenye kioo nilijua kuna kitu, lakini sikuweza kukitaja.

Siku ya safari Mjerumani alitoka Tegeta alfajiri akaja mpaka Mbagala Rangi Tatu, ili tu aanze na sisi tulioko kusini. Mwalimu tungemkuta mbele. Tukapanda daladala la kwenda Makumbusho, na kwa kuwa pale ni mwanzo wa njia tukapata viti. Mjerumani hakukaa. Gari lilipochanganya Barabara ya Kilwa akasimama katikati, akashika bomba, akakohoa.

"Abiria wenzangu," akaanza.

Wewe unajua na mimi najua: mtu anayesimama ndani ya daladala na kuanza kuongea ama anahubiri ama anauza dawa. Abiria nao wanajua. Kijana wa siti ya nyuma akaitikia "Amina" kabla hajasikia neno. Mama mmoja akafungua pochi kabisa. Mjerumani, kwa furaha ya mtu aliyeliona basi namba 100, akaendelea: hapa ni viwanja vya Sabasaba, mbele kidogo ni Uwanja wa Uhuru, na pale, jamani, hapa hapa Temeke yetu, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, taa zilizimwa uwanja mzima, na zilipowashwa bendera ya Mwingereza ilikuwa imeshuka, ya Tanganyika iko juu. Mume wa Malkia alikuwepo, anaona kwa macho yake.

Kimya. Nadhani hata yeye alidhani imewaingia.

"Kaka," yule mama mwenye pochi akasema kwa upole, "hiyo dawa yako inatibu na miguu kuwaka moto?"

Kabla hajajibu, mzee mmoja aliyekuwa anasinzia dirishani alisikia "Uwanja wa Uhuru," akashituka, akapiga kelele "Shusha!" Gari likafunga breki, akashuka na kikapu chake, na tulipoondoka tukamwona anageuka huku na huku kando ya barabara. Alikuwa anakwenda Morocco. Konda akamkabili Mjerumani uso kwa uso. "Bosi, humu vituo nataja mimi. Na kama unauza bidhaa unalipia siti mbili." Mwenyekiti akakaa. Alilipia siti mbili.

Makumbusho nako kulikuwa na mambo. Tulikubaliana kukutana na Mwalimu "Makumbusho, saa tatu," na kwa mtu yeyote mwenye akili timamu katika mji huu Makumbusho ni stendi ya daladala. Mwalimu akawa stendi. Sisi tukawa kwenye lango la Kijiji cha Makumbusho, ambacho kipo Kijitonyama hapo hapo tangu 1966, miaka mingi kabla daladala hazijahamia jirani yake na kukichukulia jina. Simu ya Mwalimu na Mjerumani niliisikia kwa sauti ya nje:

"Nipo Makumbusho."

"Na sisi tupo Makumbusho."

"Mbona siwaoni? Mimi nipo nyuma ya huyu anayechoma mahindi."

"Huku hakuna mahindi. Sisi tunaona nyumba ya Wahaya."

"Wahaya wamejenga lini stendi?"

Mtu huyu anaishi Mwananyamala. Kila mwaka anawafundisha watoto wa watu, kutoka kitabuni, kwamba makumbusho ni mahali panapohifadhi historia yetu. Alipofika hatimaye, jasho linamtoka, alisimama mbele ya msonge akashangaa kwa dhati, na nikamsamehe kila kitu.

Kijiji chenyewe ni kizuri, nisifiche. Nyumba za makabila zimejengwa kwa ukubwa wake halisi chini ya miti: msonge wa Wahaya ulioezekwa nyasi kutoka kileleni mpaka chini, tembe la Wagogo lenye paa la bapa la udongo, unainama kuingia na ndani kuna ubaridi ambao Kinondoni nzima haiupati kwa feni. Mjerumani alipiga picha kila mlango. Fundi aligonga kila nguzo kwa kifundo cha kidole na kutoa maoni. Tembe alilisifu. "Hili halihitaji jokofu," akasema, na nikaona uso wake umeingia wasiwasi wa kibiashara.

Da' Mkubwa ndiye aliyegoma. "Nyumba ya udongo mimi nimeikimbia Lindi, sasa nalipa kiingilio niirudie?" Lakini alipoingia kwenye nyumba moja ya miti na udongo, iliyoezekwa makuti, alikaa kimya kidogo, akaangalia mafiga, akaangalia uchaga, akatoka nje akakihamisha kinu. Kinu hakikai pale, alisema, mvua ikija na upepo kinalowa. Akavuta kigoda akakaa mlangoni kupumzisha miguu, kilemba chake cha zambarau kichwani.

Ndipo Wazungu walipotokea, kikundi kizima, kamera mbele. Wakamwona Da' Mkubwa, mlango, makuti, kinu. Wakafurahi mno. Wakampiga picha kutoka kulia, kushoto na kwa kuchuchumaa. Naye, kwa kuwa ni mfanyabiashara na anajua mteja akimwona, hakutikisika hata ukope. Mjerumani akakimbilia kuwaeleza kwa Kijerumani chake cha kozi kwamba huyu ni mwanakamati. Kumbe walikuwa Waitaliano. Mmoja akamwekea Da' Mkubwa elfu kumi mkononi, akainamisha kichwa kwa heshima, akaondoka. Mwalimu alikwishafungua daftari. "Niandike fungu gani?" akauliza. Da' Mkubwa akasema aandike mavazi.

Kutoka hapo akili ilikuwa inatuambia tupande juu, twende Kunduchi. Ratiba ya kamati ikatuambia turudi nyuma, Magomeni, ambako tulikuwa tumepita asubuhi ndani ya daladala bila kushuka. Ratiba imepitishwa na kikao, na kikao hakikai barabarani, kwa hiyo tukarudi.

Magomeni tulitaka kuiona nyumba ya Mwalimu Nyerere, ile ya Mtaa wa Ifunda, alikoishi kabla ya Uhuru wakati amekwishaacha ualimu wa Pugu na kuivaa TANU mzima mzima. Kila mwenye umri wetu anajua ipo. Kuipata ndio shughuli. Tuliwauliza vijana wa bodaboda kijiweni.

"Tunatafuta kwa Nyerere."

"Nyerere wa genge au Nyerere fundi pikipiki?"

"Mwalimu Nyerere."

"Aaa, mwalimu. Alihama."

Rafiki yetu Mwalimu akaona aingilie kati, akasema, "Mimi ndiye Mwalimu," akimaanisha aachiwe aeleze. Kijana akamtazama juu mpaka chini, shati la zambarau na yote. "Sasa kama ndiye wewe, hupajui kwako?"

Wakati huo alishatokea mtu mwingine. Alikuwa amevaa kandambili na ana simu mbili, na sikuhitaji kuambiwa. Watu watano wanaotembea taratibu Magomeni wakiangalia nyumba moja baada ya nyingine, kwa dalali hao wametumwa na Mungu. "Mnataka chumba au chumba na sebule?" Tukamwambia hatutaki chumba. "Nyumba nzima!" akasema, na macho yakamng'aa. Luku ya kwako mwenyewe, maji hayakatiki, mwenye nyumba hakai humo, kodi ya miezi sita lakini anazungumzika. Mjerumani akamweleza kwa utulivu kwamba tunatafuta nyumba ya Baba wa Taifa, tuiangalie tu. Dalali akafikiri. Neno "kuangalia" alilielewa vizuri. Kwake kuangalia kuna bei. "Kuonyeshwa ni elfu tano," akasema, "mpende msipende."

Alitupeleka moja kwa moja, hata hatua hakukosea. Tulisimama mbele yake. Nyumba ya kawaida, ya mtu wa kawaida wa mji wa miaka ile, na hiyo kawaida yake ndiyo iliyotunyamazisha: unamtafuta mtu mkubwa kiasi kile unakuta nyumba ambayo ingemtosha karani. Hata Fundi hakugonga kitu. Mjerumani alianza kueleza, sauti ikamkwama, akaacha. Nilipenda dakika ile kuliko hotuba zake zote.

Dalali naye alisimama nasi, mikono nyuma, akaheshimu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hii wazi nawaambia haipangishwi. Lakini nyumba ya pili kutoka hapa ipo."

Elfu tano ikatoka dharura. Fundi akatutazama mmoja mmoja.

Njia ya kwenda Kunduchi sitaisimulia. Barabara ya Bagamoyo mchana wa Jumamosi inajulikana. Mjerumani alijaribu kutuambia kwamba Berlin, kwa muda kama ule, alikuwa amekwishaona vivutio tisa. Tulikuwa tumeona nyuma ya lori la saruji, lile lile, kutoka Mwenge mpaka Tangi Bovu. Fundi alilisoma vizuri, akatuambia breki zake za kulia zina shida.

Tulishuka Mtongani tukaingia ndani kuelekea baharini. Kunduchi ni kijiji cha wavuvi kilichomezwa na mji. Ukiachana na lami unakutana na nyavu, watoto, harufu ya dagaa, na kisha mibuyu. Chini ya mibuyu yapo magofu. Msikiti unahesabiwa kuwa wa karne ya 15 au 16, umebaki kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Pembeni yake makaburi, mengi ya karne ya 18 na ya 19, na ndiyo hasa ya kutazama: yana nguzo ndefu zilizosimama kichwani mwa marehemu, na kwenye nguzo wenyewe walipachika bakuli za kauri kutoka China. Bakuli nyingi zimekwisha kuondoka. Zimebaki alama za duara kwenye chokaa, na ukiingiza kidole unausikia ukingo ulivyokuwa laini. Fikiria mtu wa Kunduchi, mwenye uwezo wa kula wali kwenye sahani kutoka China, halafu watoto wake wanaichukua wanaipachika kaburini, watu wajue marehemu hakuwa mtu wa hivi hivi. Fundi alikaa mbele ya nguzo moja muda mrefu. Alisema chokaa ile imepondwa na mtu ambaye hakuwa anadai hela yake.

Tulikuwa tumetawanyika kimya kimya kati ya makaburi, watu watano, sare ya zambarau yenye maua meusi, Da' Mkubwa amejishika shavu kwa sababu ya uchovu, alipotokea mzee mmoja mwenye kanzu na fimbo. Tukamwamkia. Akaitikia, akatuangalia, akaangalia vitenge, uso ukamshuka.

"Poleni sana, wanangu."

"Tumeshapoa, baba," Da' Mkubwa akajibu.

Hapa lazima nimtetee. Ukiambiwa pole, umeshapoa. Mdomo wa mtu wa pwani hausubiri ruhusa ya kichwa. Lakini ilikwisha kutoka.

"Mmeshazika?"

Tukatazamana. "Walishazikwa, mzee," Mwalimu akasema, na hilo lilikuwa kweli tupu.

"Wali-? Zaidi ya mmoja?" Mzee akashika fimbo kwa mikono miwili. "Innalillahi. Ajali?"

"Hatuna uhakika, mzee. Ni siku kidogo."

Mzee hakutaka kutuchimba zaidi, wafiwa hawahojiwi. Akainua mikono kuomba dua. Nasi tukainua. Fundi, ambaye ni Mlutheri na mwimbaji wa kwaya, aliinua juu kuliko wote. Dua ikachukua muda wake, ikawagusa marehemu, waliobaki, na wote waliotangulia, kwa hiyo mwishowe nadhani ilifika mahali pake. Alipomaliza akapekua mfuko wa kanzu akatoa elfu mbili, akamtafuta mwenye daftari. Na Mwalimu, ambaye amekuwa mweka hazina wa misiba ya mtaa wake tangu nimjue, mkono wake ukafungua ukurasa wenyewe. "Niandike nani, mzee?" Mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni la dagaa akaona dua, akaona daftari, akatua beseni, naye akatoa elfu moja.

Ndipo Mjerumani akatokea nyuma ya mbuyu na simu yake, uso unang'aa. "Jamani, njooni muone huyu! Huyu ni wa karne ya 18, bakuli yake ilikuwa hapa!"

Mzee akamgeukia taratibu. "Huyu nani?"

"Huyu marehemu, mzee."

Ilibidi aelezwe. Aliyeeleza ni Mwalimu, kwa mpangilio, kama yuko ubaoni: tumetoka Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta, hatukufiwa, tumekuja kuangalia tu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama kaburi. Akatazama shati langu.

"Sasa huyu wa karne ya kumi na nane," akasema, "ndiye mmemshonea sare?"

Yule mama wa dagaa alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu, mikono inamtetemeka, akataka kurudisha zile elfu tatu. Mzee akakataa katakata. Rambirambi hairudishwi, alisema. Ukirudisha ni sawa na kusema mtu hajafa, na hawa wamekufa vizuri sana. Isitoshe tangu azaliwe hapo hajawahi kuona mtu amewaletea hata kikundi. Akatutembeza mwenyewe, kaburi kwa kaburi, kwa fimbo, na alijua mambo ambayo Mjerumani hakuyapata kwenye simu. Kiingilio hakutuomba. Alituuliza swali moja tu tulipokuwa tunaagana: jora lile la kitenge limebaki kiasi gani, maana mwezi ujao wana arobaini ya kweli.

Taarifa ya mweka hazina ilisomwa kwenye kundi usiku ule. Kwa mshangao wa wote, ziara imeingiza faida. Mapato yana mistari ambayo hakuna mkaguzi angeielewa: "picha, Da' Mkubwa, 10,000", "rambirambi, karne ya 18, 3,000." Fundi akahoji siti mbili za daladala. Mjerumani akasema ile ilikuwa elimu kwa umma. Da' Mkubwa, ambaye ameuza jora lote Kunduchi, hakuhoji kitu.

Safari ijayo ni Posta. Mwenyekiti anataka tuone Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 kwa wageni wa Sultani Majid. Anataka Kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walilimaliza 1902. Anataka turudi kwa Askari wake na bayoneti iliyoelekezwa bandarini. Hofu ya wajumbe, yaani mimi, ni kwamba Posta ndipo penye wauliza maswali wa kiwango cha juu. Watu watano wamesimama wanaangalia paa la jengo la zamani mbele ya ofisi za watu? Tutaulizwa kwa Kiingereza.

Fundi ndiye aliyepata dawa. Mjini, amesema, hakuna anayemsimamisha mtu mwenye bahasha ya kaki mkononi. Mwenye bahasha ya kaki anafuatilia. Anaweza kusimama popote, akaangalia juu saa nzima, akahesabu madirisha, akakaa kwenye ngazi akavua viatu. Kila mtu atamwonea huruma na kumpisha. Hoja ikaungwa mkono kwa kauli moja. Da' Mkubwa amekwishanunua bahasha tano, kubwa, zenye kamba, na gharama imekatwa kwenye dharura.

Nikauliza ndani tuweke nini, zisionekane tupu.

"Weka nakala ya vyeti vyako," Da' Mkubwa akaandika. "Huwezi kujua. Tunaweza kurudi na ajira."